Askari, Vijana na Mipaka ya Sheria

Tangu tarehe 26 Mei 2023, siku ambayo Rais Yoweri Museveni alitia sahihi Sheria ya Kupinga Mapenzi ya Jinsia Moja, mzigo mzito umewekwa mabegani mwa polisi wa Uganda, na mara nyingine mabegani mwa wanajeshi wanaoitwa kuwasaidia. Wabunge walijadili na kupiga kura. Majaji walisikiliza na kuamua. Wahubiri walisema yao, na magazeti nayo yakaandika yao. Lakini anayebisha hodi usiku kwenye mlango wa chumba cha kupanga, akamkuta kijana wa miaka 19 amesimama mbele yake akitetemeka, si mbunge, wala jaji, wala mhubiri. Ni askari. Naye askari huyo, katika dakika chache zinazofuata, ndiye atakayeamua kama Jamhuri yetu ni nchi ya sheria au ni nchi ya fimbo.

Kwa sababu hiyo leo twaona inafaa kusema na askari wenyewe, wa polisi na wa jeshi, wakubwa kwa wadogo. Hatukukusudia kurudia mabishano ya Bungeni. Tunalokusudia ni kukumbusha jambo moja ambalo katika kelele za miaka hii limekuwa likisahauliwa: kwamba anayetekeleza sheria naye yu chini ya sheria, na kwamba kijana anayeshukiwa, kwa jambo lo lote lile, bado ni raia, bado ni mtoto wa mtu, na bado yu chini ya ulinzi wa Katiba ile ile ambayo askari aliapa kuilinda.

Kwanza, yafaa tujue sheria yenyewe inasema nini, maana wengi wanaizungumza na wachache wameisoma. Muswada wa kwanza ulipitishwa na Bunge tarehe 21 Machi 2023. Mwezi wa Aprili Rais aliurudisha, akitaka ibainishwe wazi tofauti baina ya mtu alivyo na tendo alilotenda. Bunge lilipoupitisha tena tarehe 2 Mei, tofauti hiyo iliandikwa: mtu anayedhaniwa au kushukiwa tu, ambaye hakutenda tendo lenyewe, hana kosa mbele ya sheria. Sheria yenyewe ni kali mno. Tendo lina adhabu ya kifungo cha maisha. Makosa yaliyoitwa mazito yana adhabu ya kifo. Na kueneza mapenzi hayo kuna kifungo cha hadi miaka 20. Hata mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Ukali wa namna hii haumpi askari ruhusa ya kwenda haraka. Kinyume chake, kadiri adhabu inavyokuwa nzito ndivyo uangalifu unavyotakiwa kuwa mkubwa.

Kisha ikaja hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 3 Aprili 2024. Majaji waliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini waliondoa baadhi ya vifungu. Waliondoa amri iliyomtaka kila raia kumripoti polisi mtu anayemshuku. Waliondoa kosa la mwenye nyumba aliyepangisha. Waliondoa pia kifungu kilichohusu kuambukiza ugonjwa usiopona. Askari ambaye leo anamtisha mwalimu, muuguzi au mama mzazi kwamba atafungwa kwa kutoripoti, anatumia silaha ambayo Mahakama imekwisha kumnyang'anya. Hali kadhalika askari anayemtia mbaroni mwenye nyumba kwa sababu tu ya mpangaji wake. Kutojua si udhuru. Raia haruhusiwi kusema kwamba hakuijua sheria, seuze mlinzi wa sheria.

Wapo watakaosema kwamba sheria hii ni mpya, na kwamba makosa ya mwanzo husameheka. Lakini jambo lenyewe si jipya. Sheria ya adhabu iliyoharamisha tendo hili ililetwa na Waingereza, na ile tuliyoirithi wakati wa Uhuru iliandikwa mwaka 1950. Uingereza yenyewe ilianza kuliondoa kosa hilo katika vitabu vyake mwaka 1967. Sisi tukalibakiza, na mwaka 1990 tukaongeza adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kukataza ndoa za jinsia moja. Mwaka 2009 muswada mwingine ukaletwa Bungeni; ukapitishwa Desemba 2013, ukatiwa sahihi Februari 2014, na tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikaubatilisha kwa kuwa Bunge lilipiga kura bila ya akidi. Basi kwa miongo kadhaa askari wetu wamekuwa wakitumwa kazi hii. Kama kuna somo la kujifunza, tumekuwa na muda wa kutosha wa kujifunza.

Tuanze na jambo ambalo hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayelibishia. Watoto ni lazima walindwe. Mwalimu anayemharibu mwanafunzi wake bwenini, jirani anayemrubuni mtoto wa jirani yake, mjomba anayemgeukia mpwa wake, wote hao ni wahalifu, na pingu ni haki yao. Lakini sheria ya kuwalinda watoto dhidi ya watu hao ilikuwapo kabla ya mwaka 2023. Tangu marekebisho ya mwaka 2007, kosa la kunajisi mtoto linamhusu mtoto wa kiume sawa na wa kike, na mtenda kosa awe mwanamume au mwanamke. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mtenda kosa akiwa mzazi au mlezi wake, adhabu yaweza kufika kifo.

Ripoti za polisi wenyewe, mwaka hata mwaka, zimetaja zaidi ya kesi 10,000 za unajisi kwa mwaka, na walio wengi mno miongoni mwa waliodhurika ni wasichana waliodhuriwa na wanaume. Hilo ndilo jeshi la maadui lililomo majumbani mwetu na mashuleni mwetu. Kila saa ambayo mpelelezi anaitumia kunusanusa chumba cha vijana wawili watu wazima wasiomdhuru mtu, ni saa iliyoibwa kutoka kwa binti wa miaka 12 ambaye jalada lake linaota vumbi kituoni kwa sababu hapakuwa na mafuta ya gari. Kamanda anayejali vijana ataanza na jalada hilo.

Hapo ndipo tofauti inapopaswa kukaa sawa kichwani mwa kila askari. Kumlinda kijana ni jambo moja. Kumwinda kijana ni jambo jingine. Maneno hayo mawili yanakaribiana midomoni, lakini kwa vitendo yako mbali kama usiku na mchana.

Sasa tutazame jinsi kazi hii ilivyofanywa. Julai 2005, kiongozi mmoja wa baraza la mtaa aliingia katika nyumba ya mtu bila ya hati ya upekuzi, akachukua karatasi zake, na mgeni aliyekutwa humo akapelekwa kituoni, ambako alivuliwa nguo na kudhalilishwa. Desemba 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za watu hao wawili zilivunjwa: haki ya faragha, haki ya mali, na haki ya kutotendewa unyama. Serikali ikaamriwa kulipa shilingi milioni 13 kwa jumla. Mahakama haikuuliza watu hao wanampenda nani. Iliuliza kama Katiba ilifuatwa, ikaona haikufuatwa.

Usiku wa tarehe 10 Novemba 2019, polisi na wanajeshi waliingia katika baa moja mjini Kampala na kuwakamata watu 125. Kati yao 67 walifikishwa mahakamani. Je, walishtakiwa kwa kosa gani? Kwa kero kwa umma. Walikamatwa kwanza, kosa likatafutwa baadaye. Askari aliyefunzwa vizuri anajua kwamba huko ni kuendesha gari kinyumenyume: ushahidi hutangulia, pingu hufuata.

Na tarehe 29 Machi 2020, wakati nchi ilipokuwa ikipambana na ugonjwa wa korona, askari waliingia katika nyumba ya hifadhi huko Kyengera, Wilaya ya Wakiso, wakawatoa vijana waliokuwa wakiishi humo, wengi wao wakiwa wamefukuzwa makwao. Vijana wapatao 20 walishtakiwa kwa tendo la uzembe linaloweza kueneza ugonjwa, wakapelekwa gereza la Kitalya. Huko wakakaa wiki nyingi bila ya kuruhusiwa kuonana na mawakili wao. Mwezi wa Mei mashtaka yaliondolewa. Mwezi wa Juni Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwanyima mawakili kulivunja haki yao ya kusikilizwa kwa haki, na ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni tano.

Tuzingatie jambo hilo vema. Vijana waliokuwa wamefukuzwa na baba zao walipata mahali pa kulala. Dola ikaja, ikawaondoa hapo, ikawasongamanisha gerezani wakati wa maradhi ya kuambukiza, kwa hoja ya kuzuia maradhi ya kuambukiza. Mwisho wake hakuna aliyetiwa hatiani, na hazina ya umma ikalipa. Fedha hizo zingenunulia kituo kimoja cha polisi pikipiki na mafuta ya kufuatilia kesi za watoto walionajisiwa. Mchezo huu una hasara pande zote.

Tena hasara hiyo haimwishii mlipa kodi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inasema kwamba mtumishi wa umma anayevunja haki ya mtu atawajibika yeye mwenyewe binafsi, hata kama Serikali nayo inawajibika. Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Utesaji ya mwaka 2012 inampa mtesaji kifungo cha hadi miaka 15, na utesaji ulio mzito waweza kumpeleka gerezani maisha. Sheria hiyo haikubali utetezi wa kusema, "Niliamriwa na mkubwa wangu." Ndugu askari, mkubwa anayekuambia umpige mtuhumiwa hatakaa nawe kizimbani. Atakuwa amehamishwa kituo, nawe utakuwa ukijibu peke yako.

Lipo pia jambo lililo kubwa zaidi kwa wale wanaotaka kwa dhati wahalifu waadhibiwe. Sheria hiyo ya mwaka 2019 inasema kwamba ikiwa haki zile ambazo Katiba hairuhusu kupunguzwa, kama vile haki ya kutoteswa na haki ya kusikilizwa kwa haki, zimevunjwa katika kesi ya mshtakiwa, basi kesi hiyo ni batili na mshtakiwa ataachiliwa. Maana yake ni nyepesi kuielewa. Askari anayempiga mtu aliyenajisi mtoto, kwa hasira ya haki kabisa, anaweza kuwa ndiye anayemfungulia mlango wa kutokea. Mikono safi ya askari ndiyo kufuli ya gereza.

Kuna desturi moja ambayo twaona hatuwezi kuinyamazia, ingawa si maneno ya kusemwa mezani. Ni ile ya kuwapeleka vijana kwa daktari na kuwalazimisha wachunguzwe sehemu zao za siri za nyuma, eti ili ijulikane kama wametenda. Uchunguzi huo hauna msingi katika elimu ya uganga. Chama cha Madaktari cha Dunia kiliupinga mwaka 2017 na kuwataka madaktari wasiufanye. Kwa jirani zetu Kenya, vijana wawili waliokamatwa mwaka 2015 huko pwani walifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo. Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba tendo hilo lilivunja Katiba ya nchi yao. Katiba yetu sisi, katika ibara ya 24, inakataza mtu ye yote kuteswa au kutendewa kwa ukatili na kwa kudhalilishwa, na ibara ya 44 yasema katazo hilo halina ruhusa ya kupunguzwa hata siku moja, iwe amani au vita. Askari anayemsindikiza kijana kwenda kuchunguzwa kwa nguvu hakusanyi ushahidi. Anatenda jambo ambalo yeye mwenyewe asingekubali litendwe kwa mwanawe, na anajua hivyo.

Ubaya mwingine ni ule wa mfukoni. Sheria kali juu ya jambo la siri ni shamba lenye rutuba kwa wala rushwa. Kijana anasimamishwa njiani, simu yake inanyakuliwa, ujumbe wake unasomwa, kisha anaambiwa achague: alipe, au baba yake apigiwe simu. Kijana huyo atalipa. Atauza alichonacho, ataazima, ataiba, lakini atalipa. Na atakapokwisha kulipa mara ya kwanza, atarudiwa mara ya pili. Huo si ulinzi wa maadili. Ni unyang'anyi uliovaa sare. Hali kadhalika wapo raia wanaotumia jina la polisi kulipiza visasi vyao: mpangaji mwenye deni, mshindani wa kazi, ndugu mwenye tamaa ya shamba la urithi. Wanajua kwamba neno moja tu likitiwa katika sikio la askari mwenye pupa litamwangamiza adui yao. Wabunge waliliona hilo, ndiyo maana sheria yenyewe imemwekea adhabu ya kifungo mtu anayetoa tuhuma za uwongo kwa makusudi. Askari mwerevu, anapoletewa tuhuma, hujiuliza kwanza anayeituhumu anapata faida gani.

Katika nchi yetu, askari wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi amri za adabu zinavyoweza kugeuka kuwa uwanja wa fujo. Mwaka 1972 utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku nguo fupi za wanawake, na askari wakawa wapimaji wa magoti ya wasichana barabarani. Je, tulipata taifa lenye maadili zaidi? Tulipata miaka ambayo mwananchi alipoiona sare alitafuta mahali pa kujificha. Lugha hii ya Kiswahili, ambayo ni lugha ya kambi zetu tangu enzi za Keya, ikawa katika masikio ya wengi ni lugha ya vizuizi vya barabarani na ya vitako vya bunduki. Imechukua miaka mingi kuisafisha lugha, na miaka mingi zaidi kuisafisha sare. Asiyeyajua hayo na awaulize waliokuwa hai.

Februari 2014, sheria ya kupinga picha za ngono ilipotiwa sahihi, wananchi waliiita sheria ya nguo fupi, ingawa haikuandikwa hivyo. Makundi ya wahuni yakawavua wanawake nguo mitaani mchana kweupe, na polisi wakalazimika kuwaonya kwamba hakuna raia aliyepewa kazi hiyo. Agosti 2021 baadhi ya vifungu vya sheria hiyo navyo vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba. Tunachojifunza ni hiki: sheria inayohusu miili ya watu ikitoka, umati husikia kile unachotaka kusikia. Jukumu la kwanza la polisi siku hiyo ni kusimama baina ya umati na mnyonge.

Tumeona pia gharama ya kutangaza majina. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu lililowaita mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba gazeti hilo lilivunja haki zao. David Kato, mmoja wa watu watatu waliofungua shauri hilo, aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011. Muuaji alikamatwa, akashtakiwa, na kufungwa miaka 30. Na hapo polisi walifanya kazi yao. Hatusemi kwamba gazeti ndilo lililoua. Twasema kwamba picha ya mtu ikishawekwa mbele ya umati, hakuna mkono utakaoirudisha. Basi askari anayewaita waandishi na wapiga picha kituoni ili kijana ambaye hajahukumiwa aonyeshwe kama mnyama sokoni, ajue kwamba anatoa hukumu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Majirani zetu wa Tanzania walipata kadhia inayofanana. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wampelekee majina. Tarehe 4 Novemba Serikali ya nchi hiyo ikatoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake mwenyewe, wala si msimamo wa Serikali. Askari aliyekimbilia kutekeleza neno la jukwaani kabla halijawa amri halali angejikuta amebaki peke yake kati ya barabara.

Lipo jambo jingine ambalo wanajeshi wetu hasa wana haki ya kulikumbusha taifa. Mwaka 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wo wote huko Harare, Fidel Castro alimweleza Rais Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya ukimwi. Zilikuwa habari za aibu na za kutisha. Uongozi ungeweza kuzificha, au kuwafukuza askari hao na kuwalaani. Badala yake nchi iliamua kusema wazi. Jeshi likafundishwa, vijiji vikafundishwa, ngoma zikapigwa, na Uganda ikapata sifa duniani kote kwa kupunguza maambukizi. Tulishinda kwa sababu mgonjwa hakuogopa kuja mbele.

Leo kijana anayeogopa kukamatwa mlangoni pa zahanati hataenda zahanati. Hatapimwa, hatachukua dawa, na virusi havitamwuliza anampenda nani kabla ya kupita kwake kwenda kwa mwingine, mpaka vifike katika nyumba ya mtu ambaye hajawahi hata kulisikia jina lake. Wizara ya Afya iliona hatari hiyo mwaka 2023, ikawakumbusha watumishi wa afya kwamba huduma ni kwa wote bila ubaguzi. Basi askari asikae karibu na zahanati kama paka kando ya tundu la panya. Anayefanya hivyo anabomoa kile ambacho askari wenzake wa mwaka 1986 walikijenga kwa machozi.

Tunasikia hoja kwamba mambo haya yanaletwa na wageni wenye fedha, na kwamba vijana wetu wananunuliwa. Iwapo kuna mtu anayemnunua mtoto, awe mgeni au mwenyeji, sheria ipo na ishike mkondo wake. Lakini hoja hiyo haiwezi kuhalalisha kumpiga makofi kijana wa Masaka au wa Gulu ambaye hajawahi kuiona dola moja ya Marekani. Tena tusiwape wageni kile wasichokuwa nacho. Kila picha ya kijana aliyechubuliwa mgongo katika kituo cha polisi cha Uganda inawapa wakosoaji wetu maneno ya kusema. Anayelipenda jina la nchi yake halichafui kwa mikono yake mwenyewe.

Na sasa twasema na askari si kama askari, bali kama mzazi. Makambini na katika nyumba za polisi wamo watoto wengi, na si haba kwamba katika wengi hao atakuwamo kijana ambaye baba yake ataletewa habari zake. Siku hiyo baba atakuwa na bunduki kabatini na hasira kifuani. Mzazi mmoja atamfukuza mwanawe usiku ule ule, naye kijana ataishia barabarani, ambako wanunuzi wa miili wanamngoja. Na hapo ndipo upotovu wa kweli unapoanza. Mzazi mwingine atakaa chini, atanyamaza kidogo, kisha atasema, "Wewe ni mwanangu, kaa tuzungumze." Wazee wetu walisema kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hakuna sheria ya nchi hii inayomwamuru baba kumtupa mwanawe. Ile iliyomtaka amripoti, Mahakama imekwisha kuiondoa.

Kama viboko na mahabusu vingekuwa vinageuza mioyo ya vijana, vingekuwa vimekwisha kuigeuza, maana havikuanza jana. Kijana aliyepigwa hujifunza kuficha, kukimbia na kusema uwongo. Swali la kama sheria hii yafaa kubaki ilivyo, kupunguzwa au kufutwa, ni la Bunge, Mahakama na wananchi kwa jumla, na watu wenye nia njema wataendelea kulijadili. Lakini swali la jinsi askari anavyomshika mtu mkono, hilo halingoji mjadala. Limekwisha kujibiwa tangu mwaka 1995, Katiba ilipotungwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache kwa makamanda wa mikoa na wilaya, na kwa wakuu wa vikosi. Asikamatwe mtu kwa sura yake, mavazi yake, mwendo wake au uvumi wa majirani. Pasiingiwe nyumba bila ya hati pale sheria inapoidai. Kila anayekamatwa aandikwe katika kitabu cha kituo, aonane na wakili na ndugu zake, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama ibara ya 23 inavyoagiza. Mtoto asiwekwe mahabusu pamoja na watu wazima. Mtu ye yote asichunguzwe mwili kwa nguvu. Majalada ya kesi za sheria hii yafuate agizo alilolitoa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma Agosti 2023, baada ya kijana wa miaka 20 kushtakiwa huko Soroti kwa kosa lenye adhabu ya kifo: kwamba yapelekwe kwanza makao makuu yatazamwe kabla ya uamuzi wa kushtaki kufanywa. Askari anayeomba hongo kwa kitisho cha aibu afikishwe mbele ya mahakama ya nidhamu bila ya kuchelewa. Na kijana anayekuja kituoni kulalamika kwamba amepigwa na umati, apokewe kama mlalamikaji, wala asigeuzwe mshtakiwa akiwa bado anavuja damu.

Hayo si mambo mageni. Ibara ya 221 ya Katiba inavitaka vyombo vyote vya usalama kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao, wala haikuandika kwamba wapo binadamu wa namna fulani watakaoachwa nje. Nguvu ya askari inatokana na kuaminiwa. Mwananchi akimwamini, atamletea habari za mwizi, za mbakaji na za adui anayevuka mpaka. Akimwogopa, atafunga mlango na kunyamaza, na askari atabaki akilinda nchi ambayo haisemi naye.

Kijana aliye mbele yako, ndugu askari, huenda ana kosa na huenda hana; hilo si lako kuamua. Lako ni kumfikisha mbele ya anayeamua akiwa mzima, akiwa na jina lake, akiwa na heshima yake. Ukifanya hivyo umeitumikia sheria. Ukizidisha hapo, hata kwa kofi moja, umeivunja, na sare uliyovaa haitakusitiri.